Fizi Zinatoa Damu Ukipiga Mswaki? Hizi Ndizo Tiba Zinasaidia, na Zile za Kukula Doh Yako Bure

Wasee wengi wakipiga mswaki asubuhi na kutema povu ya pinki, wanadhani ni mswaki tu ndio mgumu. Wananunua mwingine, damu inaendelea, mwishowe wanazoea. Hapo ndipo noma huanza. Fizi zenye afya hazitoi damu ovyo ovyo. Zikitoa kila siku, ziko vitani, na ukiziacha zipigane peke yake miaka na mikaka, siku moja utauma mahindi choma na jino litikisike.

Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa ripoti yake ya 2022 lilikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa hivyo si wewe pekee na si kitu ya kuonea aibu. Lakini shika hii moja: kuna hatua ambapo ugonjwa huu unapona kabisa bila kupasuliwa, na kuna hatua ambapo kilichopotea hakirudishwi na dawa yoyote ya dukani, hata tangazo liape vipi. Ukijua uko hatua gani, utajua pesa yako iende wapi.

Hatua ya kwanza: fizi kufura

Kila siku meno hujengeka utando laini wa bakteria unaoitwa ukoga. Mswaki unautoa vizuri tu. Ukiuacha siku kadhaa unaanza kuganda na kuwa kama jiwe, na hiyo jiwe hata usugue hadi mkono uchoke haitoki. Bakteria hukaa hapo juu wakisumbua fizi. Fizi zinakuwa nyekundu, zinafura, zinatoa damu. Madaktari huita hali hii jinjivaitisi.

Mwaka wa 1965 kule Aarhus, Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi safi na kuwaambia waache kusafisha meno kabisa. Kati ya siku 10 na 21, wote 12 walikuwa na fizi zilizofura. Waliporudi kupiga mswaki, uvimbe ukaisha kwa muda wa wiki moja hivi. Maana yake ni kwamba ukishika ugonjwa mapema, dawa ni mswaki, uzi wa meno na kutolewa ile jiwe. Basi.

Kosa kubwa ambalo watu hufanya ni kuogopa kugusa mahali panatoka damu. Fanya kinyume. Safisha hapo polepole, kila siku, kwa mswaki laini. Kama bado inatoka damu baada ya wiki mbili, enda ukaonwe.

Hatua ya pili: mfupa kuliwa

Uvimbe ukikaa sana, kwa watu wengi fizi huanza kuachana na jino na kuacha kamfuko katikati. Uchafu unaingia huko chini mahali mswaki haufiki, na mwili ukijaribu kupigana nao, mfupa unaoshikilia jino unaisha pole pole. Hii sasa ni periodontaitisi. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haiumi. Dalili ni mdomo kunuka hata ukisafisha, meno kuonekana marefu, mianya mipya katikati ya meno, usaha, na jino kutikisika.

Kama unavuta fegi, chunga zaidi. Nikotini hubana mishipa ya damu, kwa hivyo fizi zako zinaweza kukosa kutoa damu na huku chini mfupa unaisha. Watu wa kisukari pia wako kwa hatari. Sukari ikipanda fizi zinaharibika haraka, na fizi zikiharibika sukari inakuwa ngumu kushika. Wajawazito nao fizi zao hufura rahisi sababu ya homoni. Kusafishwa meno ukiwa na mimba ni salama, mwambie tu daktari una miezi mingapi.

Daktari anafaa kufanya nini?

Kabla ya dawa yoyote, anafaa kupima. Anatumia kachuma kembamba chenye alama za milimita na kukaingiza kati ya fizi na jino. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4, na damu ikitoka, kuna kazi. Ikifika 6 na zaidi, mambo imeshika. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Daktari akikuambia utapasuliwa na hajapima wala kupiga picha, uliza maswali.

Baada ya hapo matibabu hupanda ngazi:

1. Kusafishwa, ile watu huita skelingi. Jiwe inatolewa juu ya fizi na karibu na mstari wa fizi.

2. Kusafishwa kwa ndani. Unadungwa ganzi na mizizi inakwanguliwa chini ya fizi, mara nyingi kwa ziara mbili au zaidi. Hii ndiyo tiba kuu ya periodontaitisi, na wengi hawahitaji kupita hapa.

3. Kupimwa tena baada ya miezi kama mitatu. Usiruke hii. Ndiyo inaonyesha mifuko imefunga au bado.

4. Upasuaji. Ni kwa ile mifuko mirefu iliyokataa kufunga. Fizi inafunguliwa, daktari anasafisha akiona, halafu anashona.

5. Kurudi kila miezi 3 hadi 6 maisha yako yote. Ugonjwa huu hutulizwa, na ukiupa nafasi unarudi.

Ile stori ya mtaa eti skelingi hulegeza meno si kweli. Jiwe ikikaa miaka mingi inaweza kushikilia meno ambayo mfupa wake ulishaisha. Ikitolewa ndio unahisi ukweli ambao ulikuwa umefichwa.

Mbona meno yanashtuka nikikunywa kitu baridi?

Fizi zikishuka, mzizi unabaki nje. Mzizi hauna ile enameli ngumu ya juu. Chini yake kuna dentini, ambayo imejaa vijitundu vidogo sana vyenye maji ndani. Soda baridi, chai moto au upepo tu ukisukuma hayo maji, neva inashtuka. Nadharia hii ilithibitishwa na Martin Brännström wa Sweden miaka ya 1960, na bado ndiyo inatumika.

Tiba basi ni mbili: kuziba vijitundu au kutuliza neva. Dawa za meno zenye potasiamu naitreti hutuliza neva, na zile zenye stanasi floraidi huziba. Angalia maandishi ya nyuma, usiangalie tu picha ya barafu iliyo mbele. Tumia mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kusema haifanyi. Ukimaliza kusugua tema povu, usisuuze na maji mengi, ndio dawa ibaki. Ikikataa, daktari anaweza kupaka floraidi nzito au kufunika mzizi.

Baada ya skelingi meno yanaweza kushtuka siku kadhaa hadi wiki chache. Hiyo ni kawaida. Lakini jino moja likiuma lenyewe usiku bila kuguswa, hiyo si kushtuka tu. Huenda limeoza au limepasuka, na dawa ya meno haitakusaidia.

Fizi na mfupa zinaweza kumea tena?

Hapa ndipo watu hukulwa pesa. Hakuna dawa ya meno, mafuta, unga wala maji ya kusukutua inayorudisha mfupa ulioisha. Hakuna. Lakini hospitalini kuna njia, kwa baadhi ya meno.

Shida ni mbio. Baada ya kusafishwa, fizi humea haraka kuliko mfupa na zile nyuzi za kushika jino. Ni kama ploti bila ua: mwenyewe akizubaa, mtu mwingine ashajenga. Mwaka wa 1982 Sture Nyman na wenzake huko Sweden walichapisha matokeo ya mgonjwa waliyemwekea kizuizi chembamba kati ya fizi na mzizi. Wakazuia fizi kuingia, na nyuzi mpya zikapata muda wa kumea. Siku hizi vizuizi vingi hutengenezwa kwa kolajeni na huyeyuka vyenyewe, hakuna haja ya kupasuliwa tena kuvitoa.

Madaktari pia huweka unga wa mfupa. Unaweza kuwa wako mwenyewe, wa mtu aliyetoa, wa ng'ombe, au wa kutengenezwa. Kuna pia jeli iliyoingia sokoni miaka ya 1990, inayotengenezwa kwa protini za meno machanga ya nguruwe. Kama dini yako au moyo wako hauruhusu, uliza mapema. Una haki ya kujua kinachowekwa mdomoni mwako, na kuna njia mbadala.

Na hii kitu haifai kila mtu. Hufanya vizuri kwa shimo refu na jembamba kando ya jino moja au mawili. Mfupa ukiwa umeshuka wote sawasawa kama maji ya bwawa, kuurudisha juu ni ngumu sana. Ukivuta sigara au sukari ikiwa juu, matokeo huwa duni. Kama shida yako ni fizi kushuka tu, kuna upasuaji wa kuchukua nyama kidogo kutoka paa la mdomo na kufunika mzizi.

Za kuepuka

- Makaa, ndimu na baking soda kila siku. Ndimu inakula enameli, makaa yanakwangua.
- Kununua antibiotiki kwa kemisti bila kuonwa. Haitoi jiwe, na shida inarudi.
- Maji ya kusukutua ya klorheksidini kwa miezi. Ni ya muda mfupi, yakizidi yanaweka meno madoa ya kahawia.
- Maji ya chumvi si mabaya, yanatuliza. Lakini hayaponyi mfuko.

Uende wapi Kenya?

Hakikisha daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha meno, na kuna maafisa wa afya ya kinywa wanaofanya skelingi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya meno ambapo wanafunzi hutibu wakiangaliwa na walimu wao. Popote uendapo, uliza maswali manne: mifuko yangu ni milimita ngapi? Mfupa umebaki kiasi gani? Nitarudi mara ngapi? Gharama yote ni ngapi?

Uso ukifura, ukiwa na homa, au ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni dharura. Enda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, angalia povu yako kesho asubuhi. Ikiwa pinki, bado una nafasi ya kuanza na mswaki laini na uzi wa meno kabla mambo kufika kwa kisu.