Jiwe la Lango la Ngome na Watu wa Bara

Likizo yetu huko Kona ya Musa ilipobakiwa na siku moja, niliazimia kuitumia mjini Mombasa pamoja na mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya sekondari. Tulipita Tiwi na Ng'ombeni, tukashuka Likoni, tukavuka kwa feri. Naitaja njia hiyo kwa sababu historia ya Mombasa aghalabu husimuliwa kana kwamba kila msomaji amefika kwa jahazi. Sisi tuliingia kwa upande wa bara.

Mji wa Kale tuliupitia upesi, ingawa milango yake ya nakshi yastahili makala yake peke yake. Shabaha yetu ilikuwa Ngome ya Yesu, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliani Giovanni Battista Cairati. Juu ya lango pana maandishi ya Kireno yanayomsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Aliijenga upya ngome, akawatoza kodi wafalme wa pwani, akaziadhibu Pate na Siyu, tena akawaadhibu "Muzungulos". Nilipomweleza mpwa wangu yaliyomo, aliuliza:

"Mjomba, hao Muzungulos ni nani?"

"Ni wazee wetu, au wa jirani zetu," nilimjibu.

Jibu hilo lahitaji maelezo. Wareno waliwaita hivyo watu wa bara inayokizunguka kisiwa, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa wahenga wa Wamijikenda. Baadaye watu wa mjini, na serikali ya kikoloni nayo, waliwaita Wanyika, yaani watu wa porini. Jina Mijikenda, ambalo wenyewe walijichagulia, lilishika katika miaka ya 1940. Kwa hiyo kwa muda wa karne tatu na zaidi, maandishi yanawataja kwa majina ya kupewa.

Na hilo neno "kuwaadhibu" tulipime vyema. Taarifa za Wareno wenyewe za karne hiyo ya 17 zakiri kwamba wakaaji wa kisiwa iliwabidi kuwapa watu wa bara nguo nyingi ili wakae kwa salama. Mwaka 1614 Sultani Hassan alipokimbilia bara, Wareno hawakumfuata kwa jeshi. Waliwahonga watu hao wamwue. Mwanawe, Yusuf, aliiteka ngome mwaka 1631, na ndiyo maana Cabreira alikuwa na la kujengwa upya. Mji nao ulijua uzito wa bara: Tisa Taifa na Tatu Taifa kila kundi lilikuwa na washirika wake huko, na Wadigo walikuwa upande wa Tatu Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Maagano hayo hayakuchongwa katika jiwe lolote la lango.

(Neno "gereza", tulilolitoa katika Kireno *igreja*, kanisa, nalo lina kisa chake hapo, maana ngome ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958.)

Jioni, katika feri, mpwa wangu aliniuliza wazee wetu nao waliwaita Wareno jina gani. Nilimwambia akamwulize nyanya yake, mama yangu, kabla hajalala.