Ulikula kabla ya fibroskopi? Mambo ya kujua kuhusu usalama wako na majibu yako

Mgonjwa anayetoka Nengo kwenda hospitali ya rufaa Kigali huondoka Gisenyi kabla hakujapambazuka. Safari ni zaidi ya kilomita 150. Njiani basi husimama Nyirangarama, abiria wote wanashuka, na harufu ya nyama choma na viazi inaingia hadi ndani ya gari. Ni rahisi kujiambia: "Nitakula kidogo tu, hakuna atakayejua."

Makala hii inaeleza kwa nini unaombwa kufunga kabla ya kipimo hiki, na ufanye nini kama tayari ulikula.

Fibroskopi ni nini?

Fibroskopi, ambayo pia huitwa endoskopi ya tumbo, ni kipimo cha mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera. Daktari huupitisha mdomoni ili aone umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Hutumika kutafuta vidonda vya tumbo, mahali panapotoka damu, au saratani. Mara nyingi daktari huchukua pia vipande vidogo sana vya nyama ili vipimwe maabara. Kuchukua vipande hivyo hakuumi.

Kwa nini tumbo liwe tupu?

Sababu ya kwanza ni usalama wako. Koo hutiwa dawa ya ganzi, na wengine huchomwa sindano ya usingizi mwepesi. Ukitapika wakati huo, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, ukashindwa kupumua au ukapata nimonia.

Sababu ya pili ni majibu. Kamera haioni chini ya chakula. Kidonda kidogo au saratani inayoanza inaweza kufichwa na maharagwe au ugali uliobaki.

Ufunge kwa muda gani?

Fuata maelekezo ya hospitali yako kwanza. Kwa kawaida ni hivi:

- Chakula: acha angalau saa 6 kabla ya kipimo. Kwa chakula kizito au chenye mafuta, saa 8 au zaidi. Hospitali nyingi husema usile tangu usiku wa manane.
- Maziwa, uji na chai ya maziwa: vinahesabiwa kama chakula, hata kama unavinywa.
- Maji matupu: mara nyingi huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Kama umeambiwa usinywe chochote, usinywe.
- Watoto wanaonyonya wana ratiba yao. Uliza mapema, usimfungishe mtoto mchanga usiku kucha bila maelekezo.

Angalia vizuri saa iliyoandikwa kwenye karatasi. "8h00" ni saa mbili asubuhi, si saa nane. "14h00" ndiyo saa nane mchana. Maneno "à jeun" maana yake ni kwamba uje bila kula. Kama huelewi lugha ya karatasi, omba muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii akusomee kabla hujaondoka.

Na dawa?

Usiache dawa yoyote bila kuuliza. Mwambie daktari mapema kama una kisukari, shinikizo la damu, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari anayefunga huku akiendelea na dawa kama kawaida anaweza kuishiwa sukari mwilini.

Mwambie pia kama unatumia dawa za "igifu" ulizonunua famasi. Omeprazole ndani ya wiki 2 zilizopita, au antibiotiki ndani ya wiki 4, zinaweza kufanya bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, wasionekane ingawa bado wapo.

Nimeshakula. Nifanye nini?

Sema. Mwambie muuguzi ulikula nini na saa ngapi, kabla hujalala kitandani. Huenda ukasubiri saa chache na kupimwa siku hiyohiyo, au ukapewa tarehe nyingine. Tunajua hilo linauma: nauli imekwenda, na karatasi ya rufaa ilichukua muda kupatikana. Lakini ukificha, unaweza kuhatarisha maisha yako, au ukarudi nyumbani na majibu yasiyokamilika na kulazimika kuanza upya. Kuahirishwa si adhabu. Kabla hujaondoka, omba tarehe mpya iandikwe, na uulize kama karatasi yako ya rufaa bado itafaa siku hiyo.

Nilipimwa bila kusema kwamba nilikula. Je, majibu ni ya kweli?

Inategemea daktari aliona nini. Muulize swali moja: "Je, uliona tumbo lote vizuri?"

- Kama aliona vizuri, majibu yanaaminika. Maji au chai kidogo huweza kufyonzwa kwa mpira huohuo.
- Kama ripoti inasema chakula kilikuwemo au sehemu haikuonekana, "hakuna kidonda" maana yake ni kwamba hakikuonekana pale palipoonekana. Uliza kama unahitaji kurudia.
- Vipande vya nyama vilivyopelekwa maabara haviharibiwi na chakula ulichokula. Dawa zilizotajwa juu ndizo zinazoweza kubadilisha majibu yake.
- Kama ulifunga sawasawa na bado chakula kikakutwa, usijilaumu. Huenda tumbo halijimwagi vizuri, kwa sababu njia ya kutokea imebanwa au kwa sababu ya kisukari. Hilo nalo ni jibu, na linahitaji kufuatiliwa.

Baada ya kipimo

Usile wala kunywa hadi ganzi ya koo iishe. Anza na maji kidogo. Kama ulichomwa dawa ya usingizi, usiendeshe pikipiki wala gari siku hiyo, na uwe na mtu wa kukusindikiza. Omba nakala ya ripoti na uitunze. Kwa familia inayohamahama, karatasi hiyo huokoa kipimo cha pili.

Nenda kituo cha afya haraka, usisubiri tarehe ya miadi, ukiona:

- unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami;
- chakula kinakwama kooni, au unatapika kila unachokula;
- unakonda bila sababu;
- baada ya kipimo, una maumivu makali ya kifua au tumbo, homa, au unapumua kwa shida.

Kwa ugonjwa usio wa dharura, safari ya matibabu huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, halafu hospitali ya rufaa. Mkimbizi aliye kambini au kwenye kituo cha mapokezi huanzia kliniki ya hapo.

Kumbuka: makala hii ni ya kukuelimisha tu. Maelekezo ya daktari anayekutibu ndiyo ya kufuata.