Rangi ya Meli na Balaa la Chaza

Ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, inajulikana kwa chaza. Wakulima wa huko hutega mbegu changa majini, wakazilea mpaka zifae kuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbegu ziliacha kushika. Chaza waliokwisha kukua nao wakaota magamba mazito yenye vyumba ndani, kila chumba kimejaa ute, hadi wengine wakaviringana kama mpira. Chaza wa namna hiyo hauziki. Mavuno yaliyokuwa yakifika tani 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka yaliporomoka mpaka tani 3,000 mwaka 1981.

Mtafiti Claude Alzieu na wenzake waliufuata mkasa huo hadi kwenye mashua za starehe zilizotia nanga jirani na mashamba ya chaza. Matumbo ya mashua hizo yalikuwa yamepakwa rangi yenye tributilitini, au TBT.

Ukoo wa kemikali hii, yaani michanganyiko ya bati na kaboni, ni wa zamani. Mwaka 1849 Mwingereza Edward Frankland, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alichanganya bati na iodaidi ya ethili akapata fuwele ambazo ndani yake metali imeshikana na kaboni moja kwa moja. Kwa muda mrefu ugunduzi huo ulibaki jambo la maabara. Utajiri ulikuja na plastiki. PVC ikipashwa moto hutoa asidi, na asidi hiyohiyo huiharibu zaidi mpaka igeuke kahawia. Katika miaka ya 1930 iligundulika kwamba michanganyiko ya bati na kaboni huidaka asidi hiyo, plastiki ikabaki angavu. Viwanda vya chupa za kioo navyo vina lao: chupa ikitoka kwenye kalibu, ingali ya moto, hupitishwa kwenye mvuke wa kemikali ya ukoo huu, ukaacha utando mwembamba wa oksidi ya bati usioonekana kwa macho. Utando huo husaidia kuzikinga chupa zisichubuke zinapogongana.

Atomu ya bati katika michanganyiko hii ina nafasi nne za kushikana na nyingine, na idadi ya minyororo ya kaboni iliyoshika nafasi hizo ndiyo inayoamua mengi. Kwenye plastiki na chupa hutumika zaidi yenye mnyororo mmoja au miwili. Yenye mitatu ndiyo sumu kali.

Ufaransa ililijua hilo kwa uchungu mwaka 1954. Dawa ya majipu iitwayo Stalinon iliuzwa kwa vidonge, na kiambato chake kilikuwa bati lenye minyororo miwili ya ethili. Lakini lilichafuliwa na lile lenye mitatu. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya kichwa, wakatapika, ubongo ukavimba. Watu wapatao 100 walikufa kwa dawa waliyoinunua kutibu majipu.

Mwaka huohuo, huko Utrecht, Uholanzi, G. J. M. van der Kerk na J. G. A. Luijten walichapisha uchunguzi wao juu ya nguvu ya michanganyiko hii dhidi ya viumbe. Ile yenye minyororo mitatu ya butili, yaani TBT, iliua kuvu vizuri, na kwa mamalia haikuwa kali kama ya ethili. Soko likafunguka: dawa za kuhifadhi mbao, kisha rangi za meli. Katika miaka ya 1960 ilifikiriwa hata kutumika dhidi ya konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho. Yaani ilijulikana wazi kwamba inaua konokono, na bado ikapelekwa baharini, ambako konokono na chaza wamejaa tele.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyeishi na vyombo. Chombo kikikaa majini, viumbe hushika tumbo lake, kikawa kizito na kuchelewa. Mabaharia wa pwani yetu walipaka jahazi deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, na kazi hiyo ilibidi kurudiwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 ikaja rangi ambayo TBT yake imefungwa kwenye plastiki ya akriliki. Maji ya chumvi huimega kidogo kidogo, uso mpya wenye sumu ukajitokeza kila siku. Meli ingeweza kukaa hata miaka mitano bila kupakwa upya. Wenye meli waliipenda, na siwalaumu kwa hilo. Ninacholaumu ni kule kudhani kwamba sumu inayotolewa polepole ni sumu inayopotea.

Dalili zilikuwapo mapema. Mwaka 1970 Stephen Blaber aliripoti kwamba konokono majike wa miambani huko Plymouth, Uingereza, walikuwa wameota kiungo cha dume. Kiungo hicho kikiendelea kukua, njia ya mayai huziba, jike asiweze kuyatoa mayai yake, na mara nyingi hufa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuthibitisha kwamba chanzo ni TBT, na kwamba dalili huanza hata kwa kiasi kilicho chini ya gramu moja katika lita bilioni moja za maji. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kinachotokea ndani: TBT hujipachika kwenye kipokezi cha seli kinachohusika na homoni, ikatoa amri isiyostahili.

Ufaransa iliizuia rangi hiyo mwaka 1982 kwa mashua zisizofika mita 25, na mbegu za chaza zikaanza kushika tena Arcachon. Uingereza ilifuata mwaka 1987. Meli kubwa ziliendelea kuitumia hadi mkataba uliopitishwa London mwaka 2001 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, ulioanza kufanya kazi Septemba 2008. Kati ya ripoti ya Blaber na tarehe hiyo imepita miaka 38.

Konokono wa Plymouth hana mabuu wa kuelea. Jike hubandika mayai mwambani na watoto hutambaa kutoka hapo, kwa hiyo mwamba uliopoteza konokono wake hungoja miaka mingi hadi wengine wafike. Na kwenye tope la bandari, mahali pasipo na mwanga wala hewa, TBT huoza polepole mno. Ndiyo maana bandari nyingi za Ulaya bado hulipima tope lao kabla ya kulichimba na kulimwaga baharini.