Mlingoti wa Pangani

Nikimsikia mtu akisema "vita vya Abushiri", ulimi huniwasha. Abushiri bin Salim al-Harthi alipigana, hilo halina ubishi, na Wajerumani walimnyonga hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini moto huu hakuuwasha yeye, aliukuta unawaka.

Pangani yajulikana: pembe za ndovu kutoka bara, mashamba ya miwa kando ya mto, watumwa wakiyalima. Nayapita hayo nikasimame chini ya mlingoti mmoja, Agosti 1888.

Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alikuwa ameikodisha pwani ya Mrima, forodha na yote, kwa kampuni ya Kijerumani. Wakala wa kampuni Pangani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, akataka bendera ya kampuni ipandishwe pamoja na ya Sultani. Liwali Abdulgawi bin Abdallah akakataa. Nyundo akaita wanamaji wa manowari Carola. Wakamsaka liwali hadi msikitini, mbwa nao ndani, na mlingoti wa Sultani ukakatwa.

Mji ukafurika. Wapagazi wa misafara, watu wa mashambani, Mashirazi wenye mji: wote wakamzingira Nyundo nyumbani mwake. Sultani akamtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, aje kutuliza. Akamwokoa Nyundo, kisha yeye mwenyewe akafukuzwa! Basi niambieni: watu waliokasirikia mlingoti wa Sultani kukatwa, kwa nini wamtimue jemadari wa Sultani? Mimi nasema walikuwa wameshajua nani kawauza.

Berlin hawakutaka kulisikia hilo. Wao mapambano haya waliyaita "maasi ya Waarabu", na jina hilo liliwafaa: Januari 1889 bunge lao lilitoa marki milioni 2 kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Kamanda wao Hermann Wissmann akaja na askari Wasudani waliosajiliwa Misri na watu kutoka Msumbiji. Bwana Heri wa Sadani, Mzigua yule, akaendelea kupigana hadi 1890, Abushiri akiwa tayari kaburini. Huyo naye Mwarabu?

Baadhi ya vitabu vyetu vya shule vililigeuza jina tu: Mwarabu mwovu akawa shujaa wa taifa. Sitaki kulipa deni la uongo mmoja kwa mwingine. Abushiri alikuwa mwenye shamba la miwa, na waliolilima walikuwa watumwa. Mwishoni aliwaleta wapiganaji wa Maviti kutoka bara, wakaziteketeza nyumba za Wazaramo. Mjukuu wa Mzaramo aliyechomewa nyumba akiisikia sifa ya Abushiri, ana haki ya kukunja uso. Nami bado namheshimu kwa kukataa kusalimu amri.

Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyaandika mambo haya kwa utenzi mapema mno, vita vikiwa bado vibichi. Afadhali tungeanzia kwake kuliko Berlin.

Baadaye Tanga ikapata reli na bandari, Pangani ikabaki na minazi, mkonge na pantoni ya Bweni. Sanamu ya Wissmann ilisimamishwa Dar es Salaam 1909, Waingereza wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, wanafunzi wakaiangusha. Nyundo aliuawa na Wahehe Lugalo, 17 Agosti 1891, miaka mitatu kamili tangu ule Agosti wa mlingoti. Lugalo pana jina lake hadi kwenye kambi ya jeshi Dar es Salaam. Jina la Abdulgawi nimelitafuta Pangani kwa miguu, mtaa kwa mtaa, sijaliona kwenye kibao hata kimoja.