Msongamano Ndani ya Bakteria

Katika mwaka wa 1676 mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliroweka pilipili manga majini, akitaka kujua ukali wake watoka wapi. Jibu hakulipata, lakini kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe aliona viumbe wadogo mno wakienda huku na huku. Baadhi yao ndio tuwaitao bakteria. Ndani ya miili yao hakuweza kuona kitu.

Hata karne ya ishirini, wataalamu wengi wa kemia walifanya kazi kana kwamba seli ni kifuko cha maji tu. Walizipasua seli, wakatoa protini ya namna moja, wakaisafisha na kuipima katika maji mengi. Njia hiyo ilifundisha mengi, nasi tusiibeze. Lakini ilikuwa sawa na kujifunza mambo ya soko kwa kumtazama mchuuzi mmoja aliyesimama uwanjani peke yake.

Arthur Kornberg wa Marekani alikabiliwa na jambo hilo. Alitaka DNA ya bakteria aitwaye Escherichia coli, akaaye katika matumbo yetu, inakiliwe ndani ya chupa kuanzia mahali pake pa asili. Katika mwaka wa 1981 yeye na wenzake, Fuller na Kaguni, walifaulu, baada ya kutia polietilini glikoli kwa wingi. Kitu hiki hakinakili chochote! Hujaza nafasi tu, na protini zikabanwa hata zikakutana.

Je, msongamano huo wafika kiasi gani? Zimmerman na Trach waliukadiria katika mwaka wa 1991: gramu 300 hadi 400 za protini na RNA katika kila lita ya utomvu wa seli. Ute mweupe wa yai, mzito kama tuujuavyo, una protini gramu 100 hivi kwa lita. Na seli yenyewe urefu wake ni kama sehemu mbili za elfu za milimita, nayo ina protini mamilioni.

Mwaka 1999 Elowitz na wenzake walipima mwendo wa protini ing'aayo kijani ndani ya bakteria huyo. Ilikwenda polepole mara kumi hivi kuliko majini. Hata hivyo yaweza kuivuka seli nzima kabla ya sekunde moja kwisha.