Ng'ambo Isiyo na Maji



Niliondoka Unguja usiku mmoja wa mwaka 1971, ndani ya jahazi, nikiwa mtoto wa miaka tisa. Nimeikanyaga tena mwaka 2022, nikitokea Acocks Green, Birmingham, nilikostaafia kazi yangu ya ukarani.

Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, niliiacha imesimama na mnara wake wa saa. Jumba hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia saa moja. Lisiloangushwa na mizinga likaangushwa na uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Niliinua macho kutazama saa, nikaona mbingu.

Nikashika njia ya Darajani. Zamani hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Hori likafukiwa, daraja likatoweka, lakini ndimi za watu hazikusahau: hadi leo watu hununua samaki Darajani pasipo daraja, na hurudi Ng'ambo pasipo maji ya kuvuka. Ni kama huku nikaako. Acocks Green ilikuwa kijiji cha Worcestershire mpaka ilipotiwa ndani ya Birmingham mwaka 1911. Kijiji kimemezwa na jiji, na jina lake lingali likitaja majani mabichi.

Kisha nikaifikia nyumba yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na yetu ilikuwa miongoni mwao. Mama aliyenifungulia mlango alinikaribisha kwa kahawa, wala sikuona sababu ya kumnunia. Yeye amezaa na kulea humo. Nilipomwambia kwamba babu yangu akisomesha Kurani kwenye baraza ile ya nje, alishtuka.

"Ndiyo maana! Watoto wa mtaa huu wakiagana hukutana 'kwa Maalim'. Siku zote nikijiuliza, maalim gani?"

Nikamtajia jina la babu. Akalirudia polepole, kisha akauliza: "Na babake?"

Nikanyamaza. Mimi niliyeandika majina ya watu daftarini kwa miaka zaidi ya thelathini, sikulijua jina la baba wa babu yangu. Dada yangu mkubwa alilijua, naye tumeshamzika.

Tumezoea kuililia nyumba iliyochukuliwa. Lakini jina lile hakulichukua mtu; tumelipoteza wenyewe, kwa kutouliza. Basi aliye na mzee angali hai, na akae naye leo na kalamu mkononi. Na aliye na habari za Maalim wetu, na aniandikie kabla nami sijanyamaza.