Wapigaji wa Morogoro

Ukiiacha Dar es Salaam, ambako bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwa ikipiga tangu miaka ya 1930, sidhani kama upo mji wa Tanganyika uliouneemesha muziki wa dansi kwa kadiri ya Morogoro. Mji huo ulikaa juu ya reli ya kati, ukazungukwa na mashamba ya mkonge yaliyokusanya vibarua wa makabila mengi, nao vibarua hao, wakiisha kupokea ujira wao, walitafuta mahali pa kuliwaza viungo vilivyochoka. Hapo ndipo bendi zilipopata riziki. Morogoro Jazz ilizaliwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye kijana Salum Abdallah, ambaye baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru, aliunda kundi aliloliita La Paloma, ndilo lililokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba.

Jina hilo lilikuwa na asili yake. Tangu miaka ya 1930 zilikuwa zikiuzwa katika Afrika santuri za Kikuba zenye alama ya G.V., na wapigaji wetu, ambao wengi wao hawakuwa na mwalimu wala kitabu cha noti, walizisikiliza katika gramafoni na kuzirudia hata masikio yakawa ndiyo madrasa yao. Inasimuliwa kwamba Salum, kwa kuzidiwa na shauku, alitoroka kwao akikusudia kupanda meli aende Kuba, asifike mbali zaidi ya Mombasa. Akarejea, akazipiga rumba zake papo hapo Morogoro kwa maneno ya Kiswahili fasaha. Na kwa rai yangu hazikupungukiwa na kitu.

Yafaa msomaji azingatie jinsi watu hawa walivyoishi, maana sifa za redioni zilisitiri mengi. Aghalabu gitaa, ngoma na tarumbeta hazikuwa mali ya mpigaji, bali za klabu au za mwenye bendi, hivi kwamba mtu aliyekhitilafiana na wakubwa wake aliondoka mikono mitupu, ijapokuwa ni yeye aliyeujaza ukumbi usiku uliotangulia. Ndiyo sababu wanamuziki walihamahama, wakivutwa na bendi yenye vyombo vipya. NUTA, chama cha wafanyakazi, kilipounda bendi yake mwaka 1964 na kuwalipa wapigaji mshahara kama waajiriwa wengine, lilikuwa jambo la fakhari kwa watu waliozoea kugawana viingilio vya mlangoni, ambavyo usiku wa mvua havikutosha hata chakula.

Kurekodi nako kulikuwa na taabu yake. Redio ya taifa ilizinasa nyimbo na kuzirusha nchi nzima, lakini kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwapo nchini. Kwa hiyo aliyetaka sauti yake iuzwe dukani hakuwa na budi kutazama Kenya. Nyimbo za Salum ziliuzwa na duka la Assanand la Mombasa kwa alama ya Mzuri.

Salum alifariki mwezi wa Novemba 1965 katika ajali ya gari, naye Juma Kilaza akashika uongozi wa Cuban Marimba. Wakati huo Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa 1944, alikuwa akipanda daraja katika Morogoro Jazz, na gitaa lake la solo likaifanya bendi hiyo iwe hasimu wa kweli wa wenzao wa mji uleule. Mwaka 1970 walipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia, hidaya ambayo wapigaji wachache wa zama zile waliipata. Mbaraka aliiacha bendi mwaka 1973, akaunda Super Volcano. Januari 1979 naye alikufa kwa ajali ya gari, huko Kenya, hajatimiza miaka 35.

Kwamba mafundi hao wawili waliuawa na barabara sioni kuwa ni takdiri tupu. Bendi iliyotaka kula ilipaswa kusafiri mji kwa mji, baada ya kupiga mpaka usiku wa manane, vyombo vikiwa vimefungwa juu ya gari. Na ilipotaka kuuza santuri ilipaswa kuvuka mpaka, kama Mbaraka alivyovuka mara nyingi.